Na Zile Pesa, Pasta?

Wacha nianze na neno dogo: kama.

Tarehe 28 Mei 2025, kwenye yale maombi ya kitaifa ya kiamsha kinywa jijini Nairobi, Rais William Ruto aliomba msamaha. Aliwaita vijana watoto wetu, akasema kama kuna mahali tuliteleza, tunaomba radhi. Majirani zetu wa Tanzania nao wakapewa yao: kama tumewakosea kwa njia yoyote, watusamehe. Mwaka mmoja kabla ya chai hiyo vijana walikuwa barabarani wakiupinga Mswada wa Fedha wa 2024. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu vifo visivyopungua 60. Wengine walichukuliwa na watu wasiovaa sare, na kuna wazazi waliozunguka mochari na vituo vya polisi wakiwa na picha ya mtoto kwenye simu.

Sasa hiyo kama ilikuwa inafanya kazi gani hapo? Mwizi ameingia kwako usiku, amebeba televisheni na mtungi wa gesi. Asubuhi anabisha hodi: mama, kama kuna kitu kilipotea hapa jana, samahani sana. Ameshakupa kazi mbili. Kwanza uthibitishe wizi. Halafu umsamehe, tena haraka, maana ameshaomba, na ukikawia wewe ndiye mwenye roho mbaya.

Mitandao ilimrarua Rais siku hiyo hiyo na sikuona ubaya. Lakini watu walizungumza kana kwamba lugha ile ilitungwa Ikulu. Mimi ni mtu wa kanisa. Nimekulia kwenye vile viti vya mbao na bado nakaa hapo kila Jumapili, na niliposikia ile kama nilijua inatoka wapi. Inatoka kwetu. Rais aliomba msamaha vile kanisa la Kenya limewafundisha waumini wake kuomba msamaha: mbele ya maikrofoni, mbele ya wageni, kwa maneno mapana yasiyo na jina la mtu wala hesabu ya kitu, na kwa matarajio kwamba amina itafunga mjadala.

Hoja yangu ni moja. Kosa alilofanyiwa mtu tunalichukua, tunalipeleka kwa Mungu, linasamehewa huko, na yule mtu haulizwi. Tunarudi kwake na jibu tayari limeandikwa, atie sahihi tu. Tunaita hivyo neema. Mimi naona ni kumwibia mara ya pili.

Nitatoa mfano wa karibu, na kanisa lenyewe sitalitaja. Akina mama 26 walikuwa wakichanga shilingi 200 kila Alhamisi ili wanunue matangi ya maji kabla ya masika. Mwaka mzima, wiki 52. Piga hesabu: shilingi 270,400. Kikundi hakikuwa na akaunti yake, kwa hiyo pesa zilikaa kwa mweka hazina wa kanisa. Masika yakafika, matangi hayakufika. Kukawa na simu zisizopokelewa, kukawa na eti benki ina shida ya mitambo, kukawa na kikao kilichoahirishwa mara tatu. Halafu ikaja wiki ya injili na mhubiri mgeni, na Jumapili ya kufunga huyo ndugu akaenda mbele akilia. Akapewa maikrofoni. Akasema alianguka. Akasema Shetani alimjaribu katika eneo la fedha. Akamshukuru Mungu wa nafasi ya pili.

Kanisa lilisimama. Pasta alimwekea mikono, akatangaza kwamba yote yamefutwa, na kwamba yeyote atakayeyafukua atakuwa anapigana na Damu ya Yesu. Nyimbo, vigelegele, leso juu. Na katikati ya vigelegele mama mmoja muuza mboga, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, akainua mkono kama mtoto wa shule. Hakuwa hata na hasira. Akauliza, "Na zile pesa, Pasta?"

Ningependa kuandika kwamba kanisa lilinyamaza likafikiri. Wapi. Pasta alicheka kidogo akamwambia, "Mama, tusilete mambo ya mwili wakati Roho anafanya kazi." Watu wakacheka naye. Wiki iliyofuata mama huyo aliitwa ofisini, wazee wawili wakamwombea afunguliwe kutoka kwa roho ya uchungu. Baada ya mwaka mmoja na nusu yule ndugu alikuwa mzee wa kanisa. Akina mama bado wanakinga mvua kwa mabeseni.

Sikiliza vile alivyoungama. Alianguka. Alijaribiwa. Kiswahili kinamsaidia sana mtu wa aina hii, kwa sababu tuna vitenzi vinavyofanya mambo yatokee yenyewe. Dirisha limevunjika. Pesa zimepotea. Damu imemwagika. Nani alivunja, nani alipoteza, nani alimwaga? Hayumo kwenye sentensi. Linganisha na kile ambacho kingepaswa kusemwa siku ile: nilikula shilingi 270,400 za akina mama hawa, nikalipia ploti. Sentensi hiyo ina mtu mwanzoni, ina idadi katikati na ina ploti mwishoni. Mpiga kinanda hawezi kuingilia hapo na kibwagizo.

Hata neno letu la kila siku, pole, linatuchanganya. Ukinikanyaga kwenye matatu ukasema pole, sijui kama unaungama au unanihurumia kwa bahati mbaya iliyonipata ya kuwa na mguu. Lakini lugha hii pia ina kitu kizuri ambacho tumekisahau. Watu wa Pwani husema niwie radhi. Tazama neno lilivyo: uwe radhi kwangu. Radhi ni ya aliyekosewa. Iko moyoni mwake, na hakuna mahali pengine pa kuipata. Pasta hana, askofu hana, mhubiri mgeni wa kutoka Marekani hana. Ukiitaka, sharti umfuate mwenyewe alipo, na anaweza kukunyima.

Jirani zangu Waislamu wana mafundisho makali kuhusu jambo hili kutushinda sisi. Kuna haki ya Mungu na kuna haki ya mja, na toba peke yake haifuti haki ya mja mpaka mja mwenyewe arudishiwe chake au aridhie. Nimehudhuria mazishi yao. Kabla ya maiti kwenda kaburini, mtu wa familia husimama akauliza kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze, familia italipa. Kwetu tunasoma wasifu, tunaimba, mheshimiwa anapewa nafasi ya kusalimia, na wenye madeni wanarudi nyumbani na madeni yao.

Na msinijibu kwamba huo ni Uislamu. Fungueni Biblia zenu kitabu cha Hesabu, sura ya 5. Mtu akimkosea mwenzake, aungame dhambi yake, alipe kitu chote, aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe yule aliyemkosea. Kuhani anapokea tu pale ambapo aliyekosewa hayupo na hana hata jamaa wa kupokea. Kwa hesabu hiyo yule ndugu alipaswa kurudisha shilingi 324,480, yaani 12,480 kwa kila mama. Badala yake Jumapili ile alitoa sadaka ya shukrani kwa kanisa. Kuhani alipokea kwanza, na wenye mali walikuwa hapo hapo, hai, wakipiga makofi.

Mfano tunaoupenda zaidi wa toba ni Daudi, na hapo ndipo nadhani tuliharibikiwa. Zaburi ya 51 tunaifundisha watoto wa shule ya Jumapili waikariri. Ndani yake Daudi anamwambia Mungu kwamba ni yeye peke yake aliyemtenda dhambi. Peke yake? Na Uria je? Askari mwaminifu, ametumwa vitani na barua ya kifo chake mwenyewe mkononi, ili mfalme abaki na mkewe. Na Bathsheba, aliyemlilia mumewe kisha akahamishiwa nyumba ya aliyemuua? Najua wahubiri wanavyolieleza hilo, kwamba kila dhambi mwishowe ni dhidi ya Mungu. Sawa. Lakini nimeketi kwenye mahubiri mengi ya Zaburi hiyo na sijasikia Uria akitajwa zaidi ya mara moja, tena kwa haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Wakati Nathani alipomsimulia Daudi kisa cha tajiri aliyechinja kondoo wa maskini, bila kumwambia kwamba tajiri ni yeye, Daudi hakusema yule tajiri aombewe. Aliwaka hasira, akasema anastahili kufa na atalipa mara nne. Sheria aliijua vizuri sana ilipokuwa ya mtu mwingine.

Halafu kuna Zakayo. Wakenya wamempa Rais wao jina hilo kwa sababu ya ushuru, na mwaka 2024 mji mzima ulikuwa ukiimba Zakayo shuka. Jina zuri, utani mzuri. Tatizo ni kwamba tumeishia kwenye mti. Katika Luka 19 kushuka ni mwanzo tu. Zakayo anashuka, anampokea mgeni nyumbani, anasimama, na anaanza kutaja pesa: nusu ya mali kwa maskini, na aliyenyang'anywa atarudishiwa mara nne. Ni baada ya maneno hayo ya pesa ndipo Yesu anasema wokovu umefika nyumbani mle. Soma mpangilio wa mistari. Hakuna aliyemwambia Zakayo asilete mambo ya mwili.

Kuna mjanja atanikumbusha kwamba Zakayo naye alitumia ikiwa: ikiwa nimemnyang'anya mtu. Ndiyo, alitumia. Ikiwa yake ilifuatwa na mara nne. Rais akiniletea kama ya namna hiyo nitamtandikia mkeka.

Sasa angalia ni nani hasa anayeungama katika makanisa yetu, namaanisha kuungama kwa jina na kwa kosa. Msichana wa kwaya akipata mimba, hakuna kama. Anaitwa mbele ya baraza la wazee, anaulizwa ni lini na ni wapi, anawekwa nje ya Meza ya Bwana kwa miezi, anavuliwa joho la kwaya, na siku ya kurudishwa anasimama mbele ya watu wote huku mtoto ananyonya. Mvulana mara nyingi yuko pale pale kwenye besi, anaimba. Kwa huyu msichana kanisa linajua kudai ukweli wote, tarehe na majina. Lakini mheshimiwa ambaye barabara ya kwao imeliwa mara tatu kwenye makaratasi anaingia saa nne na nusu, ibada inasimama, anapewa kiti cha mbele na dakika kumi za kusalimia. Nimewahi kuona pasta akimfutia kiti kwa leso yake.

Tabia hii ya kuungamisha wadogo ni ya zamani. Katika kambi za vizuizi za miaka ya 1950 Mwingereza aliwadai wafungwa waungame kiapo cha Mau Mau. Ukiungama, unasogezwa kambi moja karibu na nyumbani. Ukikataa, unapigwa na unarudishwa nyuma. Wahubiri waliingia kwenye kambi hizo na Biblia kusaidia kazi ya kusafisha watu. Tarehe 3 Machi 1959 huko Hola wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo, na serikali ya kikoloni ikatangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Waliodaiwa maungamo walikuwa wafungwa. Ilichukua mpaka Juni 2013 London ikubali kuwalipa manusura 5,228 pauni milioni 19.9, ikieleza masikitiko huku bado ikikana kwamba inawajibika kisheria. Wale wazee walipata malipo yasiyo na maungamo. Sisi hapa nyumbani tumejizoesha maungamo yasiyo na malipo. Kila upande umeshika kipande kimoja na kukiita kitu kizima.

Lakini haikuwa hivi siku zote, na hili ndilo linaloniuma. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda na kuingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, ule wa Tukutendereza, ulijua kwamba kutubu kuna miguu. Mtu akiokoka alirudisha alichoiba. Waajiri walishangaa kuona wafanyakazi wakileta vitu ambavyo hawakujua vimetoweka, wakilipa madeni ambayo mwenyewe alishayasahau. Nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Alitembea nusu siku kurudisha sufuria kwa mzungu aliyewahi kumfanyia kazi Limuru. Yule mama mzungu hakuikumbuka sufuria, akamwambia abaki nayo. Nyanya aliiacha kwenye ngazi akaondoka. Wanauamsho walikuwa na kasoro zao, tusiwapake rangi. Walipenda kusikia dhambi za chumbani za wenzao kuliko inavyofaa, na nchi ile ile iliyouzaa Uamsho ndiyo iliyoona watu wakichinjwa ndani ya makanisa mwaka 1994. Kwenye mahakama za gacaca baadaye, aliyetaka maungamo yake yahesabiwe alitakiwa kusema alichofanya, alifanya na nani, na mwili uko wapi. Kulikuwa na waongo wengi, lakini hilo swali la mwili uko wapi ni swali la Kikristo kuliko mengi ninayoyasikia madhabahuni.

Wakatoliki nao wana jambo lao limeandikwa wazi, ingawa sijui ni wangapi wanalisoma. Katekisimu yao inasema ondoleo linaondoa dhambi lakini halitengenezi kila kilichoharibika, kwa hiyo mwenye kutubu arudishe kilichoibwa, asafishe jina la aliyesingiziwa, afidie majeraha. Yaani si Salamu Maria tatu halafu twende zetu.

Basi kwa nini tuliacha? Nadhani ni kwa sababu malipo yanagusa watu wanaotulisha. Kanisa ambalo lingemwuliza kila aungamaye "ni pesa za nani, ngapi, na zinarudi lini" lingeanza na msichana wa kwaya na kabla ya Pasaka lingefika kwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mabati yametoka wapi? Basi la kanisa limetoka wapi? Inapasa kusemwa kwamba kuna walioamua kuuliza. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ambayo Rais alikuwa ameyatoa kwa parokia ya Soweto, likasema zirudishwe. Watu wengi walidhani ni siasa. Mimi niliona kitu cha kawaida sana ambacho kimekuwa adimu: kanisa likiuliza pesa zimetoka wapi kabla ya kusema amina.

Kwa taifa zima tumefanya vile vile tulivyomfanyia yule mama wa mboga. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa dogo la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani, wengi wakiwa wanawake na watoto. Walioshtakiwa kwa moto huo waliachiliwa na mahakama mwaka 2009. Kisheria, mpaka leo kanisa liliungua lenyewe. Mwaka huo wa 2008 viongozi wa NCCK walikiri kwamba walikuwa wameegemea upande wakati wa uchaguzi, na nawapa heshima kwa hilo, ilihitaji kifua. Baada ya hapo tukaingia katika miaka ya mikutano ya maombi. Viwanja vilijaa, wachungaji wakainua mikono ya wanasiasa, makabila mawili yakatangazwa yamepatana. Baada ya uchaguzi wa 2013 tukaambiwa kubali, tusonge mbele. Na kesi za The Hague zilipoporomoka, tarehe 16 Aprili 2016 kukawa na maombi ya shukrani uwanjani Afraha, Nakuru. Si kazi yangu hapa kuamua nani alifanya nini. Kesi zile hazikufika mwisho. Ninachouliza ni kidogo zaidi. Watu zaidi ya 1,100 walikufa na hakuna aliyewaua. Tunamshukuru Mungu kwa lipi hasa? Na aliyepoteza watoto Kiambaa akikataa kuimba, ana roho ya uchungu?

Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni tarehe 26 Machi 2015 kwa niaba ya serikali yake na zote zilizotangulia, na akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 ya kuwafidia waliodhulumiwa. Angalau hapo kulikuwa na idadi. Aliondoka Ikulu mwaka 2022 na watu waliotajwa kwenye ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano walikuwa bado wanasubiri. Sasa serikali iliyopo iliteua jopo la fidia kwa waathiriwa wa maandamano Agosti 2025, na kabla halijakaa vizuri lilikuwa mahakamani. Likilipa, wapokee, ni haki yao. Lakini mzazi atapewa hundi bila kuambiwa ni nani aliyefyatua risasi, na tutaambiwa tena yameisha. London nyingine.

Nasikia wengine wanavyosonya. Wewe unataka wokovu kwa matendo. Neema ni ya bure. Yesu alisema tusamehe saba mara sabini. Nyote mko sawa, na sura hiyo ya Mathayo 18 naijua. Ndani yake, kabla Petro hajauliza ni mara ngapi, Yesu ameshaeleza utaratibu: ndugu yako akikukosea mwendee, mweleze kosa lake, akikataa chukua mashahidi, akikataa liambie kanisa, akikataa na hapo, basi awe kwako kama mtu wa mataifa. Kwa nini mstari wa sabini mara saba umeandikwa kwenye kalenda zetu na ule utaratibu haumo? Kwa sababu ule wa kwanza unamwelekea aliyeumizwa na wa pili unamwelekea aliyeumiza, na aliyeumiza ndiye aliyelipia kalenda.

Msamaha ni wa bure, nakubali. Lakini kitu cha bure kinatolewa na mwenye nacho. Msalabani ombi la kusamehewa kwa wauaji lilitoka kinywani mwa aliyekuwa amepigiliwa misumari. Halikutoka kwa Pilato. Pilato naye alikuwa na ibada yake fupi siku hiyo, na maji, na maneno ya kujitoa mbele ya umati, na nadhani wachungaji wetu wengi wangemkubalia ubatizo.

Yule mama anaweza kumsamehe mweka hazina kesho. Ni yake kufanya hivyo, na akifanya itakuwa zawadi kubwa kuliko matangi 26. Anaweza pia kukaa nayo miaka kumi. Kinachonikera ni ofisi ile na wale wazee wawili waliomfunga shingoni hatia ya kosa alilofanyiwa, wakamfanya aombewe yeye. Hatia katika makanisa yetu ni kama maji, inatafuta pa chini. Inamkuta mwanamke, maskini, aliyefiwa, na kutulia hapo.

Ninachodai hakihitaji sinodi. Mtu akija mbele akasema nimeanguka, pasta aweke maikrofoni chini, amchukue pembeni na kumwuliza maswali matatu: ulimkosea nani, ulichukua nini, umeshaenda kwake? Kama jibu la tatu ni hapana, asimwombee bado. Amvushe barabara mpaka kwa huyo mtu, akae naye pale sebuleni, na avumilie kimya cha mwenye nyumba. Na mkosaji akinyimwa radhi, arudishe kilichochukuliwa vile vile. Kama mwizi ni mheshimiwa, utaratibu ni huo huo, ila barabara itakuwa ndefu.

Na tuanze Jumapili hii, kwa sababu andiko lenyewe liko Mathayo 5 na ni rahisi kiasi cha kuaibisha: umeleta sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, nenda kwanza mkapatane. Basi mwongoza ibada atangaze hivyo kabla ya kikapu kupita. Watu watoke nje wapige simu. Wengine wachukue boda wavuke ng'ambo, wengine watume zile 12,480 kwa M-Pesa zikiwa na gharama ya kutolea. Kwaya ikae. Wageni mashuhuri wasubiri kama wengine. Ikifika saa tisa mchana na nusu ya kanisa haijarudi, sawa, tutakunywa chai bila mkate, na kikapu kikae pale mbele, kitupu, mpaka warudi.